Mguu Uliosamehewa

Tangu atoke hospitali ya jeshi, Kheiria alikuwa hakai mahali pamoja. Mguu wenye vyuma ulimtaka akae, moyo ulimkataza. Asubuhi moja alitoka sebuleni kwa magongo yake mpaka jikoni, akafunua chungu kisichokuwa na kitu, akarudi tena, na mumewe Harub, sajenti mstaafu, akijifanya anaangalia habari kwenye televisheni.

Jambo lenyewe lilianza kwa kahawa. Dereva aliyemgonga Kheiria kwenye barabara ya Rusayl, kijana Awadh wa mji wa Qurayyat, alikubali kosa. Wiki ile ile wazee wake walikuja na halua, wakakaa majlisi, chumba cha wageni, na vikombe vilipojazwa wakaviweka chini wasiviguse. Hapo kila mwenye nyumba anajua: mgeni ana haja, na hanywi mpaka apewe. Harub hakuwaacha hata wamalize kuomba.

"Kunyweni. Mguu tumeusamehe."

Siku ya pili akatia saini polisi kwamba Awadh asishitakiwe, wala bima yake isidaiwe kitu. Kheiria alikuwa bado wodini, kalala kwa dawa. Ndivyo alivyo Harub. Cha mwenziwe hukitoa kwa mikono miwili.

Lakini matibabu ya mke wa askari hulipwa na mfuko wa afya wa jeshi, na mfuko huo una haki yake: bima ya aliyemgonga mgonjwa ikilipa, gharama za hospitali hurudi kwanza jeshini. Mfuko ulipokwenda kudai, bima ikajibu kwamba imeshasamehewa. Basi mfuko ukamgeukia Harub. Kwa kuwa alisamehe kisicho chake, atakatwa kwenye pensheni, na pensheni hiyo ndiyo iliyokuwa ikimsomesha mtoto wao Yazan, chuoni Malesia.

Asubuhi hiyo Ghaliya, binti mmoja anayefanya kazi kwenye mfuko, alipiga simu akamtaka Kheiria mwenyewe, akamwita khalti, mama mdogo, kwa heshima.

"Khalti, aliyeumia ni wewe, ami Harub hawezi kusamehe kwa niaba yako. Njooni leo kwa mwanasheria wetu, useme umesamehe nini na hukusamehe nini. Bima ikilipa, sisi tutachukua chetu, kinachobaki chako."

Harub alipoelezwa akazima televisheni.

"Mama Yazan, utasema ulisamehe yote. Nimetoa neno mbele ya wanaume. Nikatwe tu."

"Na Yazan asome kwa pesa gani?"

"Mngu atajaalia."

"Kashajaalia. Kakupa mke mwenye mdomo, wewe hukumuuliza."

Akaanza tena kuzunguka. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe aliionea haya, maana Awadh alikuja hospitali akasimama mlangoni akilia mpaka nesi akamwonea huruma. Kheiria naye alimwonea huruma. Kilichomchoma ni kwamba maumivu alikuwa nayo yeye, na msamaha ukatolewa na mtu mwingine, tena akasifiwa kwa ukarimu wake.

Harub alivaa kanzu ya kutokea, akaingia jikoni, akatoka na birika na tende. Miaka yote ya ndoa hajapata kufanya hivyo. Alimmiminia. Kheiria akakaa, akakipokea kikombe, akakiweka chini kwenye mkeka. Mikono akaipakata.

Kahawa ikatoa mvuke mpaka ikaacha. Harub alikitazama kile kikombe, na uso ukamshuka taratibu, maana desturi alizijua kuliko mtu yeyote pale mtaani.

"Una haja gani?"

"Niulize."

"Kheiria," Harub akasema, jina ambalo hakulitamka tangu Yazan azaliwe, "umemsamehe Awadh?"

Machozi yalimtoka Kheiria bila ya kutaka. Alikiinua kikombe, akainywa kahawa yote, baridi vile vile.

"Awadh n'shamsamehe, asishitakiwe. Ntasema hivyo leo mbele ya mwanasheria. Lakini bima yake sikuisamehe. Haikuja hapa ikaweka kikombe chini."

Kisha akakinyoosha kikombe bila kukitikisa, kama afanyavyo mtu ambaye bado hajatosheka.

"Na mimi je?" Harub aliuliza, birika mkononi.

"Wewe mimina kwanza."