Mwali Aliyeteremka Kalijai

Harusi ilikwisha, Sukanti akarudi kwao siku chache kama ilivyo desturi, na sasa Arakhita, baba yake, alikuwa akimpeleka kwa mumewe ng'ambo ya ziwa Chilika. Walipokikaribia kisiwa cha Kalijai, upepo ulianza kuyachafua maji.

"Tunateremka hapa," alisema Uchhab, mwenye mashua. "Hata kungekuwa shwari tungeteremka. Mimi sivushi bibi harusi bila kumsalimu Mama wa kisiwa hiki. Unataka nizame, mzee, na wanangu bado wadogo?"

Hekaluni Sukanti alivua bangili mbili nyekundu, akaziweka miguuni pa Mama pamoja na nazi. Mabibi harusi wote wa ziwa hilo humwachia kitu cha harusi, kwani zamani naye alikuwa mwali, jina lake Jai. Binti huyo wa maskini alikuwa akipelekwa na baba yake kwa mume, tufani ikaipindua mashua. Baba akaokolewa. Jai hakuonekana tena, ila sauti yake ilisikika majini ikimwita baba, mpaka wavuvi wakamjengea nyumba juu ya mwamba.

Wakaketi ukumbini kungoja upepo. Mbuzi walioachwa pale na wenye nadhiri walikuwa wakitafuna maua ya sadaka, wala hakuna aliyewafukuza.

"Baba, Jai alitaka kwenda?"

"Kwenda wapi?"

"Kwa mume. Watu husimulia tufani tu. Hilo hawasemi."

Arakhita alikohoa. Hadithi aliijua tangu utotoni, na swali hilo halikuwahi kumpitia akilini. Wala yeye, tangu posa mpaka harusi, hakumuuliza binti yake.

"Na wewe je?" alisema taratibu. "Unataka? Kama hutaki tutageuza mashua. Aibu nitaibeba mimi."

Sukanti alicheka huku machozi yakimtoka. "Rabindra ni mtu mwema. Samaki anapika kukushinda wewe. Naogopa tu kwamba nikishafika kule ndiyo basi, sitawaona tena, kama niliyezama."

Upepo ulipotulia wakavuka. Mama yake Rabindra aliwapokea gatini kwa vigelegele. Arakhita alikataa kukaa.

"Mama Rabindra, nina neno kwanza. Kila mwaka, sikukuu ya Makara ikifika, binti yangu atakuja kwetu. Na siku nyingine yoyote akitukumbuka."

Vigelegele vilikatika.

"Mkwe, umevuka mawimbi yote hayo kuja kunitisha? Mimi nami nilivushwa hivi hivi. Mama yangu sikumwona tena mpaka nilipoitwa mazishini." Akamshika Sukanti mkono. "Atakuja. Na mimi nitamleta mwenyewe, mnipikie kaa."

Sikukuu ya Makara ilipofika mama yule alimleta kweli, akiwa ametapika njia nzima na kumtukana Uchhab kila wimbi. Sukanti aliruka majini kabla mashua haijafungwa, akamkimbilia baba yake na sari yote imelowa.