Sela wa Juu

Kompyuta ya zamani ya ofisi yetu tuliiita Ingokho, yaani kuku kwa Kiluhya, maana ukiiwasha ilitetea kama kuku anayetafuta pa kutagia, halafu ikanyamaza. Ikishanyamaza, ulijua una muda wa kushuka ngazi, kununua chai na kurudi kabla haijafunguka. Humo ndimo mlimokuwa na majina ya wakulima wote wa chama chetu cha miwa, mashamba yao na tarehe walizopanda. Tarehe ndiyo iliyoamua zamu: nani akatiwe miwa kwanza na nani asubiri.

Mwaka huu wakubwa walichoka na Ingokho. Wakanunua mfumo mpya, wakatupa muda hadi Ijumaa saa kumi na moja jioni tuwe tumehamisha kila kitu, kwa sababu Jumatatu kukata miwa kungeanza na malori yangefuata orodha ya mfumo mpya peke yake. Asiyekuwa kwenye kundi la kwanza angengoja, na miwa haijui kungoja. Mimi nilidhani kazi ni kunakili huku na kubandika kule. Sikujua kwamba kuhama ni kuhama tu, hata kwa kompyuta: ndipo unapoona takataka zote ulizokuwa umezifunika.

Naitwa Gentrix. Nakaa dawati la wakulima, na hasira zangu ziko karibu, wenzangu wananijua. Jumatatu ya wiki hiyo nilikuwa nimeshagombana na kibodi nilipoinua macho nikamwona mama mmoja amesimama kimya, mkoba ameukumbatia. Alikuwa ametoka Matungu. Jina lake Sellah Shikanga.

"Sista, miwa yangu imetoa maua," alisema. "Ikitoa maua na jua likiwaka hivi, inakuwanga kuni."

"Ulipanda lini, mama?"

"Nilipanda na mzee wangu. Mwisho wa kupanda kwake ilikuwa hiyo. Alikufa ikiwa inanifika kwa magoti." Akatazama dirishani, kule sokoni. "Watu wa boma wanangojea waone kama hiyo shamba itanishinda."

Nilimhurumia, na huruma ikinishika huwa nasema mengi kuliko mamlaka niliyo nayo. Nikafungua Ingokho, nikanywa chai yangu, nikampata. Kundi la kwanza, bila shaka yoyote.

"Enda nyumbani ukae, mama. Lori litakuja Jumatatu."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda zake. Ahadi ni deni, na hili nililichukua mwenyewe bila kutumwa na mtu.

Aliyekuwa akihamisha mfumo ni Griffin, kijana wa Shieywe aliyesomea kompyuta Nairobi na kurudi na mkataba mfupi uliokuwa unaishia Ijumaa ile ile. Griffin ni mpole, ana akili, na anazungumza polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nilikuja kujua sababu. Chuoni aliwahi kusimama mbele ya darasa akatangaza kwamba wanafunzi wote waende "kupiga kula," na kicheko kile hakikumtoka tena masikioni. Tangu siku hiyo kila neno lenye L au R huliangalia kwanza kabla ya kulikanyaga. Mimi nilimwambia ajikaze, kwani huku kwetu sote tunapiga kula na viongozi wanapatikana.

Jumatano mfumo mpya ulikataa kufunga kazi. Ulidai kwamba wakulima ni wengi kuliko mashamba. Meneja wetu, Bwana Kipngetich wa kule Lumakanda, alisimama nyuma ya Griffin akisoma skrini.

"Okelo huyu na Okero huyu?" aliuliza.

"Mtu mmoja," Griffin akajibu.

"Na Makali na Makari?"

"Mmoja, mzee."

Ndipo tukaelewa. Kila msimu makarani waliandika jina walivyolisikia, na huku jina moja husikika kwa njia mbili kulingana na ulimi uliokuletea. Ingokho alipokea yote bila kuuliza. Nilikuwa miongoni mwa makarani hao, nikainamia kibodi yangu.

Griffin aliangua kicheko. Sijawahi kumwona akicheka vile. "Chuo kizima hakingejua shida ni gani," alisema. "Mimi naijua tangu kuzaliwa." Akaandika amri fupi inayouambia mfumo kwamba L na R ni kitu kimoja, na kwamba majina yanayofanana hivyo katika kijiji kimoja yaunganishwe yawe faili moja. Kabla ya hapo alikuwa ameshafagia vimaneno vyote vilivyobandikwa kwenye majina, MTONI, MREFU, JUU, KANISANI, kwa kuwa mfumo mpya ulitaka jina la kitambulisho na si kingine. Akabonyeza. Marudio yakaanguka kwa mpigo. Kipngetich alimpiga begani, akapiga simu kwa wakubwa palepale kuwaambia orodha ni safi.

Nilijivunia kijana huyo. Kitu kilichomwaibisha Nairobi kilikuwa kimemheshimisha Kakamega.

Alhamisi tuliwapigia wakulima simu kuhakikisha. Maswali yalikuwa mawili tu, jina na kijiji. Nilipofika kwa mama yangu wa Matungu nilifurahi.

"Hallo, hii ni Sela Shikanga?"

"Ndiyo, mimi."

"Wa Matungu?"

"Eh, Matungu."

"Sawa mama, jina lako limefika." Sauti niliiona nyepesi kuliko ile ya Jumatatu, nikadhani ni mtandao.

Ijumaa mchana Ingokho alizimwa. Kipngetich alituagizia obusuma, yaani ugali, na kuku, akasema hawezi kumuaga Ingokho kwa maharage. Tulikula kwenye meza ya mapokezi, tukanawa, na Griffin akaanza kukunja nyaya zake. Mimi nikasema ngoja nione jina la mama yangu kwa macho kabla sijaenda nyumbani.

Kundi la kwanza hakuwemo. Nikasoma tena kutoka juu, kidole kwenye skrini. Hakuwemo. Nilimpata kundi la nne, katikati, na tarehe ya kupanda ilikuwa ya juzijuzi tu.

"Griffin, mashine yako inasema uongo," nilisema, na sikusema kwa upole. "Huyu alipanda na mumewe. Tarehe hii mumewe alikuwa kaburini."

Alikuja, akaangalia, akasema tarehe imetoka kwa Ingokho vile ilivyokuwa. Nikampigia mama simu.

"Mama Sela, pole kwa usumbufu. Ile miwa ulipanda na marehemu mzee, ulipanda lini?"

"Marehemu gani?"

"Mzee wako, mama."

"Mzee wangu amekufa saa ngapi na ako hapa anakunywa chai?"

Nilisikia mwanamume akiuliza kuna nini, na mama akimwambia kuna msichana wa ofisi anamuua. Nikaomba radhi mpaka nikaishiwa na maneno. Kisha yule mama akacheka.

"Wewe unataka Sela wa juu. Mimi ni Sela wa chini. Tumeolewa boma moja, yeye kwa kaka mkubwa, mimi kwa mdogo. Yeye shamba yake iko juu ya barabara, yangu huku chini. Watu wanatuitanga hivyo."

"Wote Sela?"

"Yeye Sela, mimi Sela," alisema, kana kwamba ametofautisha vizuri sana. "Kitambulisho yangu imeandikwa Serah."

Sellah na Serah. Griffin alikuwa amesikia, kwa sababu simu yangu inapiga kelele kama redio. Aliketi. Nilimwona akiipitia safari yote kichwani: alivyofagia JUU na CHINI, alivyoziunganisha L na R, na wanawake wawili wakawa mmoja, tarehe na simu zikibaki za Serah. Na mimi niliyepiga simu kuhakikisha nilimwita Serah Sela, naye akaitika, maana masikioni mwetu sote wawili lilikuwa jina lake. Mama yangu wa Jumatatu hakuwa popote. Alikuwa amefutwa, na miwa yake pamoja naye.

Kipngetich alikuja akasikiliza hadithi yote mkono shavuni. Yeye ulimi wake haukuwahi kuchanganya herufi hizo, na ilitubidi turudie mara mbili ndipo aamini kwamba mtu anaweza kuitika jina lisilo lake.

"Haya. Kosa moja haliachi mke," alisema mwishowe. "Mwongezeni huyo mama kwa mkono, kundi la kwanza, tufunge. Nimeshawaambia wakubwa ni safi."

Nilishukuru. Deni langu lingelipwa, nami ningelala. Griffin ndiye aliyetikisa kichwa.

"Mzee, huyu tumemjua kwa sababu Gentrix alimwahidi. Wengine hawakuahidiwa na mtu."

Chini sokoni mtu alikuwa akinadi sukuma wiki.

"Wengine wangapi?" Kipngetich aliuliza.

"Sijui. Hiyo ndiyo shida. Walioungana kwa haki na walioungana kwa makosa, sasa wanafanana."

"Unataka kufanya nini?"

"Niwashe Ingokho nichukue data upya. Nisiunganishe mtu. Niache marudio yote."

Kipngetich alivua miwani. "Wakubwa wataona uchafu huohuo niliowaambia umekwisha. Na watauliza aliyeurudisha ni nani. Mkataba wako nilitaka kuuombea uendelee, Griffin."

"Najua, mzee."

"Lori litafika kwa Okelo, kisha lije tena kumtafuta Okero."

"Likija mara mbili kwa mtu mmoja, dereva atakasirika," Griffin alisema. "Lisipokuja kabisa, huyo mama atafanya nini?" Alilisema neno *mara*, na *dereva*, na *lisipokuja*, na yale yote mengine bila kuangalia pa kukanyaga. Sijui kama R na L zote zilikaa mahali pake. Sikuwa nikizisikiliza.

Meneja alitazama saa, akatazama mfupa wa kuku uliobaki kwenye sahani. "Mwamshe," alisema.

Ingokho alitetea, akanyamaza. Safari hii hakuna aliyekwenda kununua chai. Tulisimama watatu mbele ya mashine ile tuliyokula karamu ya mazishi yake, na mimi nilijikuta naiombea kimoyomoyo, mimi niliyeitukana miaka yote. Ikachukua muda wake. Ikafunguka. Griffin akatoa data yote upya, nami nikakaa karibu yake nikisoma vile vimaneno alivyokuwa amevifagia. Mfumo mpya haukuwa na mahali pa kuviweka, na hatukuwa na muda wa kuubishia.

"Hapa kuna kisanduku," nilimwonyesha. "Kabla ya jina."

"Hicho ni cha cheo. Bwana, Bibi, Daktari."

"Kinakataa nikiandika kingine?"

Alijaribu. Hakikukataa. Tukaviweka vyote humo, na saa kumi na moja ilipogonga orodha yetu ilikuwa ndefu, chafu, imejaa Okelo na Okero, na Kipngetich akaituma hivyo hivyo. Kisha akapiga simu kwa wakubwa. Nilisikia upande wake tu wa mazungumzo: ndiyo, ndiyo, ni uamuzi wangu, ndiyo. Griffin alimaliza kukunja nyaya. Mkataba wake haukuongezwa, nami nilikasirika siku nyingi kwa ajili hiyo, kuliko alivyokasirika mwenyewe.

Jumatatu asubuhi simu yangu iliita. Alikuwa mama yangu, na nyuma yake nilisikia mapanga na watu wakiitana kwenye miwa.

"Sista, wamefika," alisema. "Lakini kuna meseji imekuja kwa simu. Nilisomewa, nikasema nikuulize."

"Inasema nini, mama?"

"Inasema, 'Mpendwa Juu Sellah Shikanga, miwa yako itakatwa leo.'" "Wakati wa mzee wangu barua zilikuwa zinakuja na jina yake. Alipokufa zikakuja za 'Mjane wa Shikanga.' Hii Juu ni cheo gani mmenipatia?"

Nilitaka kumweleza habari za kisanduku. Nikaangalia kiti cha Griffin kilichokuwa kitupu.

"Ni yako, mama," nilimwambia. "Ndivyo unavyojulikana huku."

"Basi ni sawa," alisema. Halafu akashusha sauti, na nikajua anatabasamu. "Lakini wa chini naye ameletewa meseji, amekasirika. Anasema yake muibadilishe."