Mawe ya Chokaa Kuzunguka Ua

Niliihesabu kwa kupiga magoti: miche arobaini na mmoja ya okidi ya manjano, hatua chache kutoka relini, upande wa Kigwa. Mmoja tu ndio uliokuwa na ua. Miaka mitatu nimezunguka misitu ya Uyui na diploma yangu ya misitu, na sijaiona kwingine. Ndiyo maana nikamwita Justini, mpiga picha wa mradi wetu wa kuhifadhi misitu, aje kutoka Dar na lenzi yake kubwa kama chupa ya chai. Watu wakiliona ua hili, nilijidanganya, wataulinda msitu.

Kosa langu lilikuwa barua. Nilimwandikia Twalibu, mtendaji wa kijiji, kwamba wageni wanakuja kupiga picha ua adimu. Yeye akasoma neno moja tu: wageni.

Tulipofika, palikuwa peupe kama uwanja wa kupokelea Mwenge wa Uhuru. Pamelimwa, pamefagiwa, alama za ufagio bado zinaonekana. Katikati limebaki ua moja, limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa.

"Shikamoo, Mtendaji."

"Marahaba, Anifa! Umeona kazi? Kitongoji kizima, siku mbili. Mgeni wangu akanyage vichaka?"

"Ile mingine iko wapi?"

"Mingine ipi? Ua lilikuwa hili hili. Yale yalikuwa majani tu." Akanyoosha kidole kwenye rundo kando ya kichuguu.

"Hayo majani ndiyo okidi. Haichanui kila mwaka."

"Sasa si ungeweka kibao?"

"Kibao nacho mngekifyeka."

Akacheka, akaona nimemsifu.

Nikalifukua rundo. Viazi vya okidi, vidogo kama njugu, vilikuwa vimepasuliwa na majembe na kunyauka juani. Nilivipekua kimoja kimoja. Hakuna hata kimoja kilichosalimika.

Justini alikuwa ameshalala kifudifudi mbele ya mawe. "Safi sana! Nyuma hakuna takataka hata moja. Mzee, wewe ni mfano wa kuigwa." Akafungua chupa ya maji, akalinyunyizia ua.

"Unafanya nini?"

"Umande, dada."

Umande wa saa sita mchana. Huyu ndiye aliyepandishwa ndege kuja kutufundisha kuthamini mimea.

Alipomaliza kujipangusa vumbi la magotini, akanipa kalamu na karatasi. "Niandikie maneno mawili matatu ya kuweka chini ya picha. Nasikia Kiswahili chako kinakata."

Nikaandika: *Hii ni okidi moja kati ya arobaini na moja. Arobaini ziling'olewa na kijiji cha mahali hapa ili hii moja ipendeze kwenye picha.*

Justini alikuwa anafuta lenzi, hakusoma. Twalibu alisoma, polepole, kwa kufuata mstari na kidole. Nikasubiri aibu impande usoni.

"Mbona jina langu halipo?" akauliza.

Nikaliandika, pamoja na cheo chake.