Egemeo la Baba

Asubuhi kijana alikuwa msambaza mikate. Mchana alikuwa miguu ya baba yake. Kazi hizo mbili ziligombea sehemu moja ya pikipiki, pale nyuma ya siti. Mikate ilitaka keria pana ya kubebea kreti. Baba, ambaye kiharusi kilimlegeza upande mzima wa kulia, alihitaji egemeo la chuma mgongoni, la sivyo angeanguka chali pikipiki ikiondoka. Na vyote viwili vilifungwa kwa nati zilizojificha chini ya siti, mahali ambapo spana inaingia kwa taabu na vidole haviingii kabisa.

Basi kila baba alipotaka kutoka, kijana alilala ubavu uani, jicho moja kafumba, akihangaika kutoa hiki na kufunga kile. Baba alisubiri kwenye kiti cha mlangoni, keshavaa, keshachana nywele, kofia mkononi. Alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, na safari yake ilikuwa moja tu: barazani kwa mafundi wenzake, ambao bado walikuwa wakishona na kuwasengenya wateja.

Siku moja nati ilikula meno ikawa inazunguka tu bila kutoka. Kijana aliitupa spana, ikalia kwenye sakafu. Akasema, wala si kwa sauti kubwa, "Nimechoka na adha hii."

Baba aliiweka kofia mapajani. Kesho yake, alipoulizwa kama yuko tayari kwenda, alijibu kwamba anasikia uvivu. Keshokutwa yake pia. Wiki ikakatika, uvivu hauishi.

Mke wa kijana ndiye aliyemfungua macho mumewe, wakiwa jikoni. "Baba hana uvivu wowote. Leo nimemkuta anachana nywele mbele ya kioo. Aliponiona, akaficha kitana mfukoni."

"Kwa nini afiche?"

"Wewe uliiambia nati umechoka. Yeye kasikia ameambiwa yeye."

Kijana aliweka kikombe chini. Chai ilikuwa imemshinda. "Sasa nimwombe radhi?"

"Ataipokea kwa adabu, halafu atabaki kwenye kiti chake. Nenda kwanza kwa kaka yangu."

Kaka mtu alikuwa mchomeleaji, na kama mashemeji wengi, alijaliwa mdomo. Aliizunguka pikipiki, akainama, akachungulia chini ya siti.

"Shemeji, aliyefunga hizi nati alikuwa na ugomvi na mwenye pikipiki."

"Nilifunga mwenyewe."

"Ndiyo maana."

Lakini mikono yake ilikuwa na akili kuliko mdomo. Alisema dawa ni kuachana na nati. Akachomelea kwenye fremu, kila upande, vipande vifupi vya bomba vilivyosimama wima, vya kukaa hapo siku zote. Keria akaichomelea miguu ya kutumbukia humo, na egemeo nalo miguu ya unene uleule. Mguu ukishazama, pini inapita katikati ya bomba na mguu, kazi kwisha. Kutoa keria na kuweka egemeo kukawa suala la kuchomoa na kuchomeka.

"Hata dada yangu, mikono imejaa unga, anaweza," alisema.

Kijana hakumpakia baba siku hiyo. Alikalisha gunia la mchanga kwenye siti, akaliegemeza, akaenda kulijaribu egemeo kwenye barabara ya makorongo. Hakufika mbali. Pini moja ilitikisika mpaka ikachomoka, egemeo likalala, gunia likaenda chini na kupasuka. Alisimama akiutazama ule mchanga.

Aliporudi, shemeji yake aliutazama uso wake, akaacha mzaha. "Kosa langu. Nimeiacha pini bila kizuizi." Alitoboa ncha ya kila pini, akapitisha kibanio cha waya. Ndani ya mabomba akabandika vipande vya mpira wa tyubu, chuma kisicheze. Safari ya pili, barabara ileile, gunia jipya lilirudi limekaa kama mgeni rasmi.

Jioni kijana alimwekea baba lile egemeo mapajani. "Chuma kitupu kitakuumiza. Linataka mto, na mimi kushona sijui."

Baba alilipapasa kwa mkono wa kushoto. "Umemletea kazi fundi wa mkono mmoja."

"Ndiye fundi niliye naye, Baba."

Mzee akalipima kwa shubiri. "Niletee turubai. Na sponji ngumu, siyo hizi za kubonyea."

Kesho yake mchana mkwe alishika kitambaa, mzee akakiongoza kwenye cherehani yake kwa mkono wa kushoto. Mshono ulipokwenda upande, aliamuru ufumuliwe, na mkwe akafumua bila kununa. Wakati akikaza mto kwenye chuma pamoja na mwanawe, baba alisema bila kuinua macho, "Siku ile ulisema umechoka."

"Nilichoka na nati."

"Na mimi je?"

Kijana alitaka kukana, akashindwa. "Zipo siku nachoka, Baba. Lakini kukuona umejifungia humu ndani kunanichosha zaidi."

Baba alicheka kwa upande mmoja wa uso. "Hapo umesema kweli. Kaza huko, mto unateleza."

Siku iliyofuata, mikate ilipokwisha, kijana aliingiza pikipiki uani, akachomoa keria akaiegemeza ukutani, akachomeka egemeo na kubana vibanio. Alipoinua kichwa, baba alikuwa bado anapigana na vifungo vya shati.

"Umeshamaliza? Mbona hunipi nafasi ya kuvaa?"

Walikwenda polepole, baba ameegemea, mkono wa kushoto begani kwa mwanawe. Barazani mafundi waliacha mashine zao wakaja kumpokea. Pini hawakuziangalia hata kidogo. Waliinamia mto, wakaukagua mshono kwa vidole, na mmoja akasema hapa pamepinda.

"Kavae miwani," baba alimwambia, huku akiteremshwa, "halafu urudi tuongee."