Sampuli ya Bibi Tome

Asubuhi ya sikukuu ya kuwakaribisha wafu, Chigusa alivua viatu mlangoni mwa maabara, akavaa kandambili za ndani, akawasha mashine. Kazi yake ilikuwa kujenga maktaba isiyo na vitabu. Kitu safi kinachojulikana huingizwa mashineni, kikavunjwa vipande, vipande vikapimwa uzito, na mistari inayotokea ikahifadhiwa. Siku kikija kitu kigeni, mistari yake hulinganishwa na ile, kikatambuliwa.

Soya changa za kijijini kwao zilikuwa na kitu kimoja ambacho hakijatambuliwa, nacho ndicho kilichozipa harufu yake. Mfanyabiashara wa mjini alikuwa akiuza soya za kwingine kwa jina la kijiji. Ofisi ya mazao ilisema: thibitisheni kitu hicho, tutamzuia. Lakini hakuna duka lililouza sampuli yake halisi, na maktaba haibahatishi.

Saa nne akaingia bibi yake, Tome, marehemu, amepanda farasi wa tango mwenye miguu ya vijiti, ambaye walio hai huwatengenezea wafu waje upesi, kama kila mwaka. Akamfunga kwenye mguu wa meza.

"Umekonda! Hao maprofesa wanakulisha karatasi?"

"Bibi, vaa kandambili."

"Wafu hatuna miguu, mjukuu wangu. Nizivae wapi?"

Akatoa kichupa kwenye mkono wa kimono. "Kule kwetu harufu ya soya inaota peke yake, haina ganda wala udongo. Nimekuchumia."

Chigusa akaipima. Mistari yote ikalingana na ile ya soya, hata dakika ya kutoka kwenye mrija wa mashine. Akapiga kelele za furaha mpaka Profesa Kuniyoshi, mkuu wa maabara, akaja mbio.

"Profesa," alisema Bibi, "umetoka na kandambili za msalani."

Profesa akaona haya, akatazama mistari, akainama mbele ya Bibi. "Samahani, mama. Muuzaji ni nani?"

"Muuzaji wa nini? Nimechuma mwenyewe."

Kwenye fomu ya ofisi ya mazao, penye jina la muuzaji, wakaandika: Tome, marehemu. Bibi akagonga muhuri wake, wakaituma. Ofisi ikajibu kabla ya chakula cha mchana: kazi nzuri sana, ila muhuri wa marehemu haukubaliki.

Machozi yakamlenga Chigusa.

"Nyamaza, mjukuu wangu," alisema Bibi. " Mkubwa wa mihuri wa ofisi hiyo si alikufa majira ya baridi? Yuko kwetu, hana kazi. Mwakani nakuja naye."

"Atakubali?"

"Kwa ninavyompikia, akatae?"

Chigusa akacheka hadi akakaa chini. Maktaba ikakipokea kitu kile, ofisi haikukipokea. Jioni wakachemsha soya, wakacheza ngoma ya wafu uani, na Profesa ndiye aliyechelewa kuchoka.

Sikukuu ilipoisha, Bibi Tome alipanda ng'ombe wa bilinganya, anayekwenda polepole ili mtu asiagane kwa haraka, akashika barabara kuu. Lori la mfanyabiashara, lenye jina la kijiji ubavuni, likamkuta kwenye kona. Dereva alisimama, akainamisha kichwa kwa adabu, akamwacha ng'ombe avuke. Kisha akapeleka soya zake sokoni.