Sugu ya Pini

Kwa miaka ishirini na sita shangazi yangu alichomeka pini zake kwenye nguo aliyovaa, kifuani upande wa kulia. Mkono wa kulia ulishika mkasi, wa kushoto ulichomoa pini bila yeye kuangalia, kama mtu anayejikuna. Wateja walimwita Mama Mkasi, na waliomzoea walijua hakumbatiwi hovyo.

Kwa hiyo siku nilipomwona anapapasa kulia, anakosa, halafu anakumbuka na kuchomoa pini upande wa kushoto, niliacha kupiga pasi.

"Shangazi, umehamisha pini?"

"Naipumzisha ngozi. Imeota sugu."

"Sugu gani?"

"Wewe uchomwechomwe mahali pamoja miaka yote hiyo usiote sugu?" Akaninyooshea kidole cha kati, kile cha kusukumia sindano, kigumu kama kisigino. "Hii ya kidoleni na ile ya kifuani ni ndugu, baba mmoja mama mmoja."

Fundi Kola alicheka kwenye meza ya pili. Walipanga chumba hicho cha kushonea pamoja: yeye suti za wanaume, shangazi nguo za kike na sare za shule.

"Inauma?" niliuliza.

"Ingeuma si ningekwenda hospitali? Haiumi hata chembe."

"Tangu lini?"

"Tangu wewe hujamaliza chuo."

Nilikuwa nimemaliza chuo miezi mitano iliyopita. Nilimsaidia dukani huku nikisubiri majibu ya maombi ya kazi.

Jioni, nyuma ya pazia la kujaribia nguo, alikubali niguse. Kilikuwa kivimbe kigumu, ukubwa wa kifungo cha koti, na hakikusogea nilipokisukuma. Kwapani palikuwa na kingine kidogo.

"Sugu huwa juu ya ngozi," nilisema. "Hiki kiko ndani. Kesho asubuhi tunakwenda hospitali."

"Kesho nina mteja saa tatu."

"Atasubiri."

Alinitazama. Sikuwahi kumwamrisha tangu nizaliwe. Kisha akafunga vifungo vya blauzi, kimoja kimoja, bila kubisha.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Alipima kwa vidole matiti yote mawili na makwapa yote mawili, akatutuma kwenye picha ya matiti, kisha ultrasaundi, kisha chumba ambako walichukua vipande vidogo vya nyama kwa sindano nene. Walimpiga ganzi kwanza. Shangazi alipoiona sindano yenyewe alimwambia muuguzi, "Mwanangu, hiyo ni ya kushonea magunia." Muuguzi alicheka mpaka daktari akamwomba atoke apumue.

Majibu yalichukua siku kumi na mbili. Siku hizo alishona haraka na kuongea kidogo.

Tuliporudi, daktari aliigeuza karatasi itutazame sisi.

"Mama, ni saratani ya titi. Imefika kwenye tezi za kwapani. Vipimo vingine havioneshi kwamba imekwenda mbali zaidi. Tutaitibu, na lengo letu ni upone."

"Ni pini zangu?"

"Hapana. Pini hazileti saratani. Zilikupa tu sababu ya kutokuja."

Akaeleza polepole, nami nikaandika. Kwanza upasuaji wa kuondoa titi pamoja na tezi za kwapani. Kisha dripu za dawa, sita, moja kila wiki tatu. Kisha mionzi. Mwisho vidonge kwa miaka kadhaa, kwa sababu saratani ya aina yake hulishwa na homoni za mwili. Shangazi alisikiliza yote, kisha akauliza jambo moja.

"Na mkono?" Aliuinua wa kulia. "Huu ndio wa mkasi."

Daktari hakumdanganya. Bega lingekakamaa. Mkono ungeweza kuvimba, kwa kuwa tezi zinazopitisha maji zingetolewa. Wengi hurudisha nguvu kwa mazoezi. "Lakini siwezi kukuapia utakuwa vilevile."

"Basi nipe miezi miwili. Nina sketi sabini za sare. Nikizimaliza nitakuja."

"Mama, umeshajipa mitano."

Dukani aliweka mkoba chini akasema hataki. Titi wachukue, alikwisha lea, mkono hautoi.

"Bila mkono huu mimi ni nani? Mama Nani?"

Nilianza kumwambia habari za maisha, akanigeuzia mgongo. Aliyemjibu ni Fundi Kola, mtu ambaye miaka yote aliapa kwamba sketi si nguo, ni kitambaa kilichokosa suruali.

"Kukata huwezi kumwachia mtu. Hilo najua. Kushona je?"

"Ashone nani?"

"Kata zote sasa hivi. Mimi nitashona."

"Wewe? Sketi?"

"Pazia liwe limeshushwa," alisema. "Mteja wangu akiniona, tumekosana."

Shangazi alikata sketi sabini kwa siku tatu. Mimi nilizifunga kumi kumi na kuandika namba. Siku ya nne alilazwa, na Fundi Kola akashusha pazia.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Alirudi nyumbani na mrija mwembamba ubavuni, chupa yake ndogo nikiimwaga kila asubuhi na kuandika kiasi. Mrija ulipotolewa mazoezi yaliongezwa: kusimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole kama mjusi hadi vinapogoma. Kila vilipogoma alichora mstari kwa chaki ya kitambaa. Mstari wa kwanza ulikuwa usawa wa kiuno.

Mtaalamu wa mazoezi alimpima mzingo wa mkono kwa futi kamba, aone kama unavimba. Shangazi alimvumilia mara mbili, ya tatu akamnyang'anya. "Unailegeza, baba. Ndiyo maana kila wiki nina mkono mpya."

Dripu zilimwangusha. Nywele ziliondoka kwa wiki moja. Chakula kilikuwa na ladha ya msumari. Kabla ya dripu ya nne damu yake ilikutwa imeshuka, wakaiahirisha kwa wiki. Siku hiyo alilia. Hakuwahi kulia kabla, hata kwa ajili ya titi. Mstari ukutani ulikuwa umekwama usawa wa bega kwa siku kumi na nane, na alizihesabu.

"Hauendi," alisema.

"Leo umechoka. Kesho jaribu tena."

"Kwenu chuoni mlifundishwa maneno hayo?"

"Hapana. Ulikuwa unaniambia wewe, nikikosea pindo."

Akajifuta uso kwa kilemba. Kesho yake alijaribu. Siku ya ishirini na tatu chaki ilipanda upana wa kidole kimoja.

Alirudi dukani siku tatu baada ya mionzi kwisha, ngozi ya kifua bado nyeusi kama iliyopigwa pasi ya moto sana. Vidonge vilikuwa mkobani, na tarehe ya kurudi kwa daktari ilikuwa baada ya miezi mitatu. Hakuna aliyetuambia kwamba yamekwisha. Tuliambiwa tuje tuangaliwe.

Fundi Kola alikuwa amemshonea kimto cha pini kutokana na mabaki ya suti, cha kufunga kiunoni. Alikiacha mezani, akarudi kwenye cherehani yake. Shangazi alikifunga, akajizungushia futi kamba kifuani.

"Andika," aliniambia.

Nilisita. Kadi yake ya zamani ilikuwa na vipimo vingine.

"Kadi hiyo chana. Mimi huwa nakata kwa vipimo vya zamani?"

Nikaandika upya. Alitandaza kitambaa cha blauzi yake, akachora, akashika mkasi. Alikata hadi katikati, akausimamisha. Mkono ulikuwa umechoka. Aliuegemeza mezani, akapumua, mimi na Fundi Kola tukijifanya kila mtu anatazama kazi yake. Kisha mkasi ulianza tena, mzito, na ukafika mwisho. Vipande viwili viliachana.

Fundi Kola alikuja, akainama, akafunga jicho moja.

"Huku umepinda."

"Wapi?" Alimsukuma kwa bega, bega la kulia, akapima pote kwa futi kamba. Hapakupinda popote. "Wapi, nakuuliza?"

"Nilitaka kujua kama mdomo nao umerudi."

"Umerudi," alisema shangazi, na mkono wa kushoto ukashuka kiunoni kutafuta pini. "Haya, nenda kwenye sketi zako."