Utepe wa Kijani

Pale getini hospitalini walimwita Digrii, na jina lake halisi hakuna aliyejisumbua kulijua. Kabla ugonjwa haujaingia alikuwa mlinzi kama walinzi wengine, wa kufungua na kufunga, kuzozana na madereva na kuomba gazeti la jana. Ugonjwa ulipoingia akakabidhiwa kipimajoto kile cha kumwelekezea mtu kwenye paji la uso kama bastola, basi naye akawa mtu mbele za watu. Hata daktari bingwa alisimama mbele yake, akavua kofia, akangoja zamu yake. Digrii alimpima taratibu, uso mkavu, kumbe moyoni anacheka.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi. Ukiwa huna homa unafungwa utepe wa kijani mkononi, unapita, na huko ndani hakuna atakayekupima tena, maana vipimajoto vilikuwa haba na manesi wako hoi. Ukiwa na homa, hata uwe nani, unavushwa barabara kwenda kwenye mahema kungojea majibu. Na majibu nayo yalikuja yanapotaka. Digrii, aliyeshinda pale kutwa, aliona mambo ambayo hakuthubutu kuyasimulia nyumbani. Wengi aliowavusha wakitembea kwa miguu yao walitolewa kwa geti la nyuma, ndani ya gari lisilo na madirisha.

Sasa mkewe, Mama Pacha, alikuwa na saratani ya titi. Uvimbe aliugundua mwenyewe akioga, akaunyamazia, kwa sababu redio ilikuwa ikihubiri kutwa kucha kwamba asiye na dharura abaki kwake, naye akajiuliza kitu kisichouma kitakuwaje dharura. Alipokuja kuonwa, uvimbe ulikuwa umeshakomaa na vitanda vya upasuaji vimechukuliwa na wanaokosa pumzi. Wakamwanzishia dripu za dawa ya saratani ili uvimbe usinyae wakati anangoja kisu. Nywele zikapukutika, kucha zikawa nyeusi. Akawatania wanawe kwamba haya, sasa mama yenu kipara kama baba yenu, mtatuchanganya.

Siku hizo mgonjwa aliingia peke yake, ndugu wanabaki nje. Kwa hiyo maelekezo yote ya nesi wa chumba cha dripu aliyasikia Mama Pacha tu, akayabeba kichwani hadi nyumbani. Ikabaki dripu moja. Akiimaliza, anapasuliwa, akiikosa, nafasi anapewa mwingine, na ya kwake itapatikana lini hakuna aliyejua.

Asubuhi ya dripu hiyo akaamka anatetemeka. Digrii akamgusa shingo, akajua bila kifaa. Mama Pacha akamkumbusha kwamba nesi alimkanya vikali: homa ikija, hata ya kuchezea, asimeze kitu, asingoje, amfikishie yeye habari.

"Utamfikiaje?" Digrii akasema. "Homa inaishia getini, na getini ni mimi."

Alilitoa kama mzaha, lakini alikuwa anaogopa. Aliyaona yale mahema. Alimwona mkewe, mwili umeshamalizwa na dawa, amelazwa katikati ya watu wanaokohoa. Akamwambia ni uchovu tu. Akampa vidonge vya kushusha homa, akamfuta uso kwa kitambaa cha maji baridi, akamfuta tena. Mama Pacha alitaka kubisha, ila alipomwona mumewe anavyokiloweka kile kitambaa tena na tena akamhurumia, akameza vidonge.

Getini alipanga mstari kama watu wengine, mtandio umeshuka hadi kwenye nyusi. Digrii akampima. Namba zikawaka nyekundu. Mlinzi mwenzake, kutoka upande wa pili, akauliza huyo vipi, Digrii akajibu kwamba yuko safi, na wakati huo huo anamfunga utepe kwenye mkono unaochoma.

"Usimwambie mtu," akamnong'oneza. "Wakijua nimekupitisha, kazi sina."

Mama Pacha akaitikia kwa kichwa, akaenda zake akijishikiza ukutani. Digrii akamsindikiza kwa macho mpaka akapinda kona. Moyo ukamtulia jamani, na kusema kweli alijisifu. Alihisi ameshika kitu kimoja tu duniani, lile geti, na kwa mara ya kwanza limemfaa mtu wake.

Jua lilipokuwa la utosi, nesi wa chumba cha dripu akatokea kwenye kibanda cha getini na gauni lake la plastiki, anahema ndani ya barakoa. Alikuwa anamtafuta mume wa Mama Pacha. Digrii akasema ni yeye. Nesi akashangaa kidogo, kisha akaeleza harakaharaka kwamba mgonjwa ameishiwa nguvu katikati ya dripu, presha imeanguka, na wao wanadhani dawa imemkataa. Alitaka kujua kama kulikuwa na lolote huko nyumbani.

Digrii akaangalia kitita cha tepe za kijani kilichokuwa kikining'inia kiunoni mwake. Angeweza kukana.

"Alikuwa na homa tangu asubuhi," akasema. "Nilimpima mimi."

Nesi hakupandisha sauti. Alimwambia kwamba homa ya wagonjwa wake haipelekwi hemani. Angepigiwa simu angekuja kumchukua mwenyewe, asingemtundikia kabisa ile dripu inayoshusha kinga ya mwili, angemwekea dawa ya kuua vijidudu. Simu yenyewe ilikuwa pale kibandani, kando ya kiwiko cha Digrii, na siku zote aliitumia kuulizia zamu.

"Nilimuuliza kama ana homa," nesi akasema. "Nikarudia kumuuliza. Akanionyesha utepe wako."

Akageuka, akarudi ndani mbio. Digrii akamfuata mpaka mlango wa wodi, na hapo mlinzi wa ndani akamzuia kwa upole, maana ndugu haruhusiwi, naye sheria hiyo aliijua kuliko wote. Akasimama pale kwenye mlango. Jioni nesi akatoka tena, na safari hii alikuwa anatembea polepole.

Maiti zote wakati huo, za ugonjwa huo na zisizo zake, zilitolewa kwa geti la nyuma. Digrii alisimama kando ya lile gari lisilo na madirisha likipakiwa, simu ikaita mfukoni. Alikuwa mdogo wake Mama Pacha, analia, hajui aanze wapi. Akauliza kama dada yake alipelekwa kwenye mahema.

"Hapana," Digrii akasema. "Alipita."

"Mungu akulipe, shemeji," akasema yule mdogo mtu. "Hiyo ni kazi yako. Ulimpigania mpaka mwisho."

Dereva akapiga honi, akaomba afunguliwe. Mlinzi wa geti la nyuma alikuwa ameenda kula, kwa hiyo Digrii akaenda kufungua.